Bonde Lililopumzishwa

Dada wa Pasi, kama wanavyomwita hotelini, huingia kazini saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Chumba cha kufulia kiko nyuma ya jiko, kina dirisha moja linalotazama ukuta. Kabla ya chai huwa ameshanyoosha mashuka arobaini, kona juu ya kona. Miaka kumi na moja hajaunguza hata foronya.

Hoteli imejengwa katika bonde la kwao. Watu wake ni wafugaji, na bonde hilo walilifunga kila mvua zilipoanza: walikata matawi ya miiba, wakayalaza njiani, na hakuna mfugo uliokanyaga humo mpaka kiangazi kiwabane. Ndiyo ilikuwa akiba yao. Watu wa hifadhi walipokuja na ramani, mjomba wake ndiye aliyewatembeza. Mzee yule, mwenye majigambo mengi kuliko ng'ombe, alisimama kwenye nyasi zilizomfika kiunoni.

"Tazameni wenyewe! Mkiona alama ya kwato moja humu, nikateni sikio."

Wakapiga picha. Wakaandika kwamba bonde halina anayelitumia. Mwaka uliofuata miiba ikaondolewa, likawekwa geti.

Picha ile sasa iko mapokezi, kubwa kama meza. Chini yake pameandikwa: Nyika ambayo mkono wa mtu haujaigusa.

Mwaka huu mvua ilikosekana misimu miwili. Mjomba akaingiza ng'ombe wake tisa bondeni, wote alionao. Askari wa hifadhi wakawakamata, wakawafungia nyuma ya ofisi bila maji. Siku ya tatu wawili walikuwa wamelala chini, hawanyanyuki.

Dada wa Pasi akamwendea meneja.

"Naomba picha ya mapokezi kwa saa mbili."

"Picha? Dada, lile ni pambo."

"Kwenu."

Meneja akacheka, akarudi kwenye simu yake. Dada wa Pasi akapanda kiti, akaitungua picha, akaifunga kwa shuka alilolinyoosha mwenyewe. Mpishi akamwita, "We dada, umepagawa? Watakufukuza!" Akamjibu, "Nifungulie mlango, mikono imejaa."

Ofisini alimkuta mjomba amesimama mbele ya mkuu wa hifadhi, kofia mkononi. Hilo ndilo lililomchemsha zaidi. Akaiegemeza picha mezani, akaweka kidole kwenye kona ya chini.

"Mkuu, haya matawi yamejikata yenyewe?"

Mkuu akainama. Matawi yalikuwa yamelazwa kwa mstari, yamekatwa kwa panga, ncha bado nyeupe.

"Hii ni picha ya zamani."

"Ndiyo. Ya siku mlipoandika kwamba hapana mtu."

Nje, gari la wageni lilipunguza mwendo. Mmoja alikuwa anawaelekezea kamera ng'ombe waliolala. Mkuu akaliona. Akatoa karatasi kwenye mtoto wa meza.

"Sikilizeni. Mimi nina moyo. Mzee anakiri kosa, tunamsamehe, anachukua ng'ombe wake. Yaishe."

"Nani kakuomba msamaha?" mjomba akafoka. "Nisamehewe kwa kula chakula changu?"

"Mjomba," akasema Dada wa Pasi, "wanakufa."

Dada wa Pasi akachukua kalamu. Akakata mstari wenye neno kosa, na chini yake, kwa mwandiko ulionyooka, akaandika: Ng'ombe tumewachukua. Bonde ni malisho yetu ya kiangazi. Kosa hatujafanya. Akatia sahihi, akamshika mjomba dole gumba, akaligandamiza kwenye wino, kisha kwenye karatasi.

Mkuu akasoma. Akaichana.

"Umeiharibu fomu ya serikali."

"Leta nyingine."

Akaleta. Dada wa Pasi akaandika vilevile, neno kwa neno. Mkuu akaichana hiyo nayo, sauti imempanda: "Unanichezea?"

"Nina siku nzima, mkuu. Kazi nadhani sina tena. Wageni nao bado wanapiga picha."

Mkuu akachungulia dirishani. Magari yalikuwa mawili sasa. Fomu ya tatu hakuichana. Aliisukumia pembeni bila kuisoma, akampigia kelele askari afungue zizi.

Ng'ombe sita walitoka kwa miguu yao. Wa saba alianguka getini, na mjomba akaketi vumbini kando yake, akawatukana kwa sauti watu wote waliokuwa ndani ya magari. Hawakumwelewa. Walimpungia mkono.