Kifuniko Kimoja

Leo nimeingia duka la dawa za mifugo mjini, na harufu ya dawa ya kupe ikanikaba koo kama siku ile.

Nilikuwa mdogo, tukiishi juu milimani. Kila nilipokwenda kukata majani ya mbuzi, mbwa wetu alinifuata, akarudi na kupe wamejaa masikioni. Mama alimwogesha kwa kifuniko kimoja cha dawa kwenye ndoo ya maji. Asubuhi ya siku ile mama alikuwa bustanini akipalilia kabichi. Nilitaka kupe wasimguse kabisa, nikamwogesha mwenyewe kabla hatujatoka.

Hatukufika mbali. Mbwa alianza kutetemeka, miguu ikamlegea, mate yakamchuruzika. Nilimbeba kifuani, manyoya yakiwa bado yamelowa dawa, nikakimbilia bustanini nikilia.

"Umemwekea vifuniko vingapi?" mama aliuliza.

"Kimoja."

Mbwa alikakamaa mikononi mwangu.

"Mwanangu, vingapi?"

"Vitano, mama."

Nilifumba macho nikingoja kofi. Badala yake alinivua gauni, akaniingiza kwenye mfereji wa maji, akanisugua kwa sabuni ya kufulia mikono, kifua na shingo, huku akiuliza kama kichwa kinaniuma. Nilimlilia amwoshe mbwa kwanza. Hakunisikia. Alipomaliza ndipo akamgeukia.

Mbwa alipona baada ya siku mbili, nami sikuugua. Ila kabla ya siku ile sikuwahi kumwona mama akiogopa kitu, na vidole vyake shingoni mwangu vilikuwa vikitetemeka kuliko yule mbwa.