Wote Walisema Wamesamehe, Isipokuwa Mimi

Wiki iliyopita alifariki mwenye duka la dawa ambaye nusu ya Kisauni ilimwita daktari, ingawa chuo cha udaktari hakukiona hata mlango wake. Msomaji hutaka marehemu asemwe kwa wema, basi nitajitahidi. Alikuwa mcheshi, alifungua duka mapema, na hakuwahi kumrudisha mgonjwa hata mmoja. Shida yangu naye ni hilo la mwisho. Mtu huyo ndiye aliyenifanya kiziwi, na ninaandika haya nikiwa sijamsamehe.

Nilikwenda kwake na homa, akanipangia sindano za siku kumi, asubuhi na jioni. Siku ya saba nikamwambia masikio yananivuma. "Hiyo ndiyo dawa yaingia, ndugu yangu," akasema huku akinipangusa bega kwa pamba, na akaendelea hadi siku ya kumi. Mwezi haukwisha kabla sijaacha kusikia hata adhana, na msikiti uko nyuma ya nyumba yangu hapa Bombolulu. Nikamrudia. Kwa kuwa sikuweza tena kumsikia, aliniandikia nyuma ya boksi la dawa kwamba ni nta tu, masikio yatafunguka yenyewe. Niliishi hivyo miaka miwili. Sisi watu wa pwani hupimana kwa salamu, na mimi nilikuwa nikipita mbele ya baraza nikisalimiwa bila kuitika, wazee wakasema kuandika gazetini kumenitia kiburi.

Bingwa wa masikio Nairobi ndiye aliyenieleza kwamba sindano ile huweza kuua sikio la ndani, na kwamba ilipaswa kukomeshwa siku ile ile masikio yalipoanza kuvuma. Shamba la mama kule Likoni likauzwa, nikatiwa vipandikizi masikio yote mawili: waya mwembamba ndani, na nje, nyuma ya kila sikio, kifaa chenye kidude cha sumaku kinachoshika kichwani. Msidhani ni kama kuwasha redio. Mwanzoni mke wangu alinisemesha kama mtu aliye ndani ya debe, nami nililia, kwa sababu sauti yake niliyoijua haikuwamo. Ilichukua miezi ya mazoezi ya kila siku hata akarudi kuwa yeye. Mpaka leo jasho la Mombasa huvizima vifaa hivi katikati ya maongezi, na nikienda Shelly Beach sisikii ila upepo. Basi siku moja, nimekaa barazani nyuma ya huyo "daktari" wetu, nikamsikia akiwaambia wenzake, "Mwamuona yule? Si niliwambia yatafunguka? Dawa yangu haina papara." Wakacheka. Aligeuka akaniona, akauliza masikio yaendeleaje. Nikamjibu kwamba yanasikia, kisha nikanyamaza makusudi ili aongeze neno. Akaagiza kahawa.

Mitaa yetu ina wengi kama yeye, na sisi ndio tuliowalea. Tunampa mtu jina la daktari kwa sababu ana koti jeupe na maneno matamu, halafu tunaona haya kumuuliza ni dawa gani hiyo anayotutia mwilini.

Makaburini, kama ilivyo desturi, mwanawe mkubwa alisimama kuomba kila aliyedhulumiwa na baba yake amsamehe. Nilijua yanayokuja. Nikabandua sumaku ya kulia, kisha ya kushoto, dunia ikanyamaza. Nikaona midomo ya watu ikifunguka kwa pamoja kumsamehe. Wangu niliufumba. Tulipokuwa tukitoka, nimekwisha kuvaa vifaa vyangu, yule mwana alinishika mkono. "Ami, nimekuona ukivivua. Wallahi nakuomba, msamehe baba."

"Wewe hukunidunga, mwanangu," nikamwambia. "Na aliyenidunga hakuniomba."

Aliinamisha kichwa, nami nikaona raha. Raha hiyo nitaulizwa mbele ya Mola, na sitaikana.

Kwa hivyo wewe uliyemharibia mtu mwili wake, usimwachie mwanao kazi ya kukuombea radhi juu ya kaburi lako. Nenda leo, uketi mbele ya mtu huyo, useme kwa mdomo wako mwenyewe. Mimi nilimngoja yule bwana miaka minne, nikiwa nasikia vizuri, na kutoka dukani kwake hadi kwangu ni mwendo wa miguu.