Mtamba Niliyepewa Mzenga

Niliondoka Mkuza Jumamosi asubuhi kwa sababu ya ng'ombe aliyekuwa akila vizuri na bado anakonda.

Neema alianza kuhara miezi mingi kabla ya hapo. Hakuwa na homa, hakususa pumba wala majani, lakini mbavu zilianza kuhesabika, na maziwa yakapungua mpaka hayakumtosha hata ndama wake. Tulimpa dawa za minyoo mara tatu. Mwishowe daktari wa mifugo, dada mmoja mpole, alivaa glavu ndefu, akachukua kinyesi, akaniambia anashuku ugonjwa wa Johne. Ni bakteria wanaokaa kwenye utumbo.

"Ng'ombe huupata akiwa ndama, kwa kinyesi au kwa maziwa anayonyonya," alisema. "Anakaa nao miaka bila dalili. Dawa ya kumponya hatuna, na unaambukiza wenzake, hata mbuzi. Huyu ulimtoa wapi?"

Swali hilo lilinikosesha usingizi. Neema sikumnunua. Mume wangu alipofariki, rafiki yake wa Mzenga, Mzee Shomari, alinipa mtamba, jike ambaye hajazaa bado, ili wanangu wasikose maziwa. Sharti lilikuwa moja: akizaa ndama jike wa kwanza, nimrudishie. Nilimrudishia mwaka juzi. Sasa nilitakiwa nikamuulize mtu huyo kama wema wake ulikuja na ugonjwa. Niliwasha pikipiki yangu nikiwa sijui kama naenda kuuliza au kulaumu.

Saa mbili nilikuwa Mlandizi. Nilinunua sukari na majani ya chai, kwa kuwa huwezi kwenda kwa mzee mikono mitupu. Kisha nikasimama tena na kuongeza mchele, nikajiona kama mtu anayelipia kosa ambalo hajalifanya. Kutoka hapo nilikata kushoto, nikaiacha lami. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na utelezi ulinifanya nishuke na kuikokota pikipiki mara mbili. Katikati ya mashamba ya mihogo nilijaribu kuyapanga maneno ya kuanzia. Yote niliyoyapanga yalisikika kama ya polisi.

Saa nne na nusu nilifika Mzenga. Mke wa mzee, Bi Mwanahawa, alinipokea mzigo kabla sijamaliza kumwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wajukuu zangu hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

Alinikalisha barazani, akaleta chai na mihogo ya kuchemsha. Mzee Shomari alitoka zizini akijifuta mikono. Tulikula tukizungumzia mvua. Nilipoishiwa na mvua, nikamweleza habari za Neema, halafu nikauliza, "Mzee, mama yake alikuwaje?"

"Mzima kabisa. Alizaa mara nne."

Bi Mwanahawa aliweka kikombe chini. "Si alikuwa akihara mpaka tukamchinja?"

"Yule ni mwenye baka jeupe. Mama yake Neema ni mweusi."

"Mweusi alimzaa, lakini hakuwa na maziwa. Neema alinyonya kwa mwenye baka."

"Kumbe," mzee alisema taratibu. "Hilo nililisahau."

Nilidhani nimepata nilichokifuata, na badala ya kufurahi niliona aibu. Mzee alisimama, akasema, "Njoo uone."

Zizini walikuwamo ng'ombe sita, na mbuzi kadhaa wakipita kati ya miguu yao. Mmoja, jike jekundu, alikuwa amekonda kama Neema, mapaja ya nyuma yamelowa kinyesi. Pembeni yake alisimama yule ndama niliyemrudisha, sasa mtamba mwenye ngozi inayong'aa.

"Huyu mwekundu alianza lini?" niliuliza.

"Baada ya kuja huyu wako." Hakusema kwa ukali. "Nami nilitaka nikuulize, mwanangu. Nikaona haya. Umefiwa, nikuambie umeniletea ugonjwa?"

Nilishika mti wa zizi. Daktari alisema ugonjwa hukaa miaka, kwa hiyo mwekundu huenda alikuwa nao kabla mtamba hajazaliwa. Lakini sikuwa na hakika. Mtamba alinyonya kwa Neema, Neema alinyonya kwa mwenye baka, na mwenye baka alinunuliwa na mzee mnadani, hajui kwa nani.

"Kwa hiyo ugonjwa ulitoka kwangu ukaenda kwako," mzee aliuliza, "au ulitoka kwako ukaja kwangu?"

"Sijui, baba."

Nilitoa vikopo alivyonipa daktari. Mzee alishika mkia, mimi nikachukua kinyesi cha mwekundu, kisha cha mtamba. Tulinawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Bi Mwanahawa alinifungia korosho, nikaondoka saa nane.

Njia ya kurudi ilikuwa imekauka kidogo, ila kichwa changu kilikuwa na matope zaidi ya asubuhi. Saa kumi na moja nilimkabidhi daktari vikopo, nikaingia nyumbani nikiwa na hadithi isiyo na mkosaji.

Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa. Neema anao. Mwekundu anao. Kwa mtamba haukuonekana. "Lakini kutoonekana si kutokuwepo," daktari alisema. "Tutampima tena." Nilimuuliza ulianzia wapi. Akasema hakuna atakayejua.

Neema na mwekundu tuliwachinja. Ndama wa Neema namlea mbali na zizi la zamani. Mzee amemjengea mtamba banda lake, na hatujui kama tumemtenga mgonjwa au tumemwonea mzima.

Nilichojifunza ni kidogo. Mimi nilinyamaza kwa kumheshimu mzee, naye alinyamaza kwa kunihurumia, na muda wote huo mifugo iliendelea kula na kunyea mahali pamoja. Siku hizi kila Ijumaa baada ya swala ananipigia simu, na kabla ya kuulizana habari za watoto tunaambiana habari za kinyesi.