Chupa ya Chumvi Imerudi Mezani Kwangu

Admin, jina langu lifiche, ila Bariadi unaweza kuiacha, mji ni mkubwa. Na maneno yangu usiyapunguze makali, maana nina hasira na sioni kwa nini niifiche. Mimi ni mama wa miaka hamsini na moja, nina watoto wanne, nimeolewa miaka thelathini na moja. Najua mtacheka mkisikia ni mambo ya chumvi. Chekeni, lakini mnisome hadi mwisho.

Nimezaliwa Lalago. Kwetu chumvi haikai mezani. Mboga ikipungua chumvi, bakuli linarudishwa jikoni kimya kimya, aliyepika anaongeza mwenyewe, linarudi. Mgeni hajui kitu na mpishi haaibiki. Baba yangu alikuwa mkali, hata ng'ombe walimjua, lakini sikuwahi kumsikia akikosoa chakula cha mama mbele za watu.

Niliolewa miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba wameanza kuingia huku. Zamani tuliuza kwenye chama cha ushirika tu, ghafla kijiji kimoja kina mizani tatu na kila mmoja anaita wakulima kwake. Mume wangu akapata ukarani wa mizani. Msimu mzima akawa anakula hotelini na mabosi, akarudi na tabia mbili: kalamu mfukoni hata siku ya kanisa, na kumwagia chumvi chakula ambacho hajakionja. Alikuja na kichupa chake cha plastiki chenye matundu juu, akakiweka katikati ya meza, anakitazama kama redio mpya.

Siku moja akaleta mabosi nyumbani. Nilikuwa na miaka ishirini, nimeshinda jikoni tangu asubuhi, nimechinja jogoo, nimepika na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, nikaiunga kwa karanga. Naweka chakula, mume wangu hata tonge hajakata, chumvi kwenye kuku, chumvi kwenye nsansa. Mgeni mmoja akamuuliza, "Karani, kwani mama hajui kupika?" Akajibu, "Bado anajifunza." Wakacheka wote. Na mimi nimesimama pale na jagi la maji ya kunawa! Nilienda kulia nyuma ya ghala.

Nikamwomba kwa upole, "Baba, onja kwanza." Akasema ndivyo watu walioendelea wanavyokula. Nikamwomba tena mwaka uliofuata, na mwingine. Siku moja nikasema potelea mbali, nikazidisha chumvi kwa makusudi ili akimwagia zake akome. Akamwagia, akaweka tonge mdomoni, akatema. "Hujui hata kupima chumvi!" Jamani nyie, anasema hivyo na kichupa bado kiko mkononi mwake! Na watoto wanatuangalia.

Hivyo nikanyamaza. Jumla miaka ishirini na minane nimepika chakula kinachohukumiwa kabla hakijaonjwa. Kibaya zaidi, nikazoea kumsogezea kichupa mwenyewe, mradi asinipigie kelele mbele ya watoto.

Miaka mitatu iliyopita akapata presha. Daktari, kijana mdogo kabisa, akamwambia, "Mzee, chumvi ya mezani acha." Akaacha siku hiyo hiyo! Maneno matano ya mtu baki. Nilifurahi amepona, sikatai, lakini siku ile roho iliniuma kuliko siku ya wageni. Kumbe aliweza. Kichupa nikakitupa mwenyewe shimoni.

Sasa sikilizeni kilichonileta hapa. Binti yangu wa pili ni mwalimu, ana miaka ishirini na sita, amepata mchumba. Kijana wa ofisini, msafi, anasalimia vizuri. Jumapili iliyopita alikuja na wajomba zake kujitambulisha. Mimi mama mkwe, kwa mila zetu siwezi kukaa naye meza moja, kwa hiyo nilikuwa jikoni, nachungulia kwenye pazia. Nikaona kichupa kipya cha chumvi kando ya sahani yake. Nikadhani macho yananidanganya. Kijana akakichukua bila kuangalia, akamwagia chakula changu chote, ndipo akanawa mikono.

Binti alipokuja kuchukua maji nikamshika mkono. "Nani ameomba chumvi?"

"Hakuna, mama. Nimekinunua asubuhi."

"Kwa nini?"

"Hapendi kuomba. Nikisahau anakasirika, halafu anasema mbele ya wenzake kwamba sijafundwa." Akaona nimebadilika uso, akanishangaa. "Mbona hata wewe ulikuwa unamwekea baba?"

Haki ya Mungu, nilimwachia mkono. Nilikaa kwenye kigoda mpaka wageni wakaaga.

Nilipomwambia mume wangu kwamba ndoa hii siitaki, alinijia juu. "Utavunja ndoa ya mtoto kwa sababu ya chumvi? Utawaambia nini watu?" Mume wangu huyo huyo! Dada zake nao wamenipigia simu, wanasema nina wivu na mwanangu. Binti hataki kuongea na mimi, anasema nimemwaibisha kwa kutotoka kuwaaga wageni. Jumamosi hii wanaleta ng'ombe za mahari, na ng'ombe zikishaingia zizini mnajua wenyewe, hakuna mtu atakayenisikiliza tena.

Hasira yangu kwa yule kijana ni ndogo, bado ni mtoto wa watu. Kwa mume wangu ni kubwa. Lakini kubwa kuliko zote ni kwangu mwenyewe, maana mwanangu hakujifunza barabarani, alijifunza kwa kuangalia mkono wangu ukisogeza kile kichupa.

Nisimame Jumamosi mbele ya wazee niseme hapana, au nipige vigelegele na kupika kama nilivyozoea? Nishaurini, na msinishauri kama mama wa miaka hamsini. Nishaurini kama yule binti wa miaka ishirini aliyekuwa analia nyuma ya ghala, maana yeye hakuwa na wa kumwambia.