Bando la Fundi wa Koboko

Fundi cherehani wa Koboko huongea na pini midomoni, na wateja humwelewa. Mitindo ya magauni huitazama kwenye simu, kidole kikiwa tayari kuzima data. Maafisa wa mawasiliano walipokuja mji jirani wa Arua kusikiliza malalamiko, watu walilia kwamba mabando yanaisha bila kutumiwa. Afisa mmoja akajibu kwamba wanayamaliza wenyewe kwa video. Fundi, aliyekuwa amesafiri kuja mkutanoni, akasogea mbele, akanunua bando jipya huku afisa akitazama, akampa simu. "Mkubwa, kaa nayo. Mutu asiguse mpaka mukutano iishe." Akarudi kuketi, hana wasiwasi. Baada ya saa mbili simu ikalia, ujumbe ukaingia: bando limekwisha. Afisa aliusoma kimya mara mbili, kisha akavuta kipaza sauti, akausomea ukumbi mzima.