Pengo la Mawe ya Bangwe

Hadi leo nikisikia harufu ya vumbi linaloungua ndani ya kompyuta kuukuu, narudi chumbani kwa dada Zuhura, kule mtaani kwetu Kasingirima, Kigoma. Nina miaka kumi, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, vidole vinanuka dagaa, naye ananifokea nikanawe kabla sijagusa kibodi.

Zuhura alikuwa amemaliza kidato cha sita, akakosa nafasi ya chuo, na badala ya kulia akaanza kutengeneza gemu. Peke yake. Michoro yake, sauti zake, hesabu zake. Lilikuwa gemu la msichana anayeruka mtumbwi hadi mtumbwi, mwamba hadi mwamba, akimtafuta baba yake ziwani. Jamani, lilikuwa zuri! Maji yalibadilika rangi kadiri ulivyosonga mbele, kama Tanganyika yenyewe mvua inapokaribia kutoka upande wa Kongo. Mchakacho wa dagaa wakimwagwa kwenye turubai aliurekodi mwenyewe ufukweni Kibirizi. Wachuuzi wa mle walikusalimia kwa Kiha, "Mwakeye!", kwa sauti ya mama yetu, ambaye aliangua kicheko katikati, na Zuhura akakataa kukifuta.

Ila lilichosha. Ukianguka majini, unarudishwa mwanzo kabisa. Kitufe cha kuruka kilichelewa kuitikia. Na katika hatua ya nne, kwenye mawe ya Bangwe, palikuwa na pengo ambalo sikuwahi kulivuka. Nilijaribu mpaka kidole kikaota sugu.

"Asha, umevuka Bangwe?" aliniuliza jioni moja.

Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukodolea kioo. "Nimevuka, dada," nikasema.

Sikuwa nimevuka. Nilikuwa nimegundua kitufe alichojiwekea yeye ili aruke hatua nzima anapokagua kazi yake, nikakibonyeza. Alinibeba juu juu kwa furaha, nami nikaona nimetenda jema. Tangu siku hiyo nikawa mjaribu wa gemu lake. Miaka ikapita, hatua zikawa tisa, zikawa kumi na mbili. Kila alipouliza, nilijibu vilevile.

Kisha yakaja maonyesho ya vijana wabunifu katika ukumbi mmoja mjini Kigoma. Watoto walipanga foleni mbele ya meza yetu. Wakashangilia maji, wakacheka pamoja na mama. Halafu wote wakazama Bangwe, mmoja baada ya mwingine, hadi foleni ikaisha. Jaji, mama mmoja mpole mwenye miwani, alijaribu mara tano, akaondoa mikono.

"Binti, kazi yako ni nzuri sana. Lakini halichezeki."

"Linachezeka, mama. Mdogo wangu anavuka hapa kila siku. Asha, njoo uwaonyeshe."

Nikakaa. Nikazama. Nikazama tena. Nilimtupia jicho Zuhura, nikamkuta bado anatabasamu, nami nikabonyeza kile kitufe. Kioo kikaruka hadi hatua ya tano. Jaji hakucheka. Aliandika kitu kwenye karatasi yake, akasogea meza ya pili.

Zuhura hakunipiga. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa ameikumbatia kompyuta kama mtoto mgonjwa. Wiki ileile alifuta kila kitu, na sauti ya mama yetu na kicheko chake humohumo, akaenda kuajiriwa kwenye duka la steshenari, kuchapa barua za watu. Yuko huko mpaka sasa.

Mwaka jana ndipo nilipopata ujasiri wa kumwomba radhi. Alikuwa anapanga karatasi kwenye mashine, wala hakuinua uso.

"Upana wa lile pengo ulikuwa namba moja tu kwenye programu, Asha," akasema. "Ungeniambia, ningeibadilisha kabla chai haijapoa."

Nawaambieni ninyi, maana yeye sikuweza kumwambia: miaka yote nilijifariji kwamba dada yangu alikuwa mkaidi, kwamba asingesikia la mtu. Ukweli ni kwamba kabla ya maonyesho hakuna aliyewahi kumwambia. Alimwuliza mtu mmoja tu, na mtu huyo nilikuwa mimi.