Kitunguu cha Shangazi Desa

Tadija hakuzaliwa na subira. Pale Vrbica, kijiji cha bondeni huko Serbia, walisema siku aliyozaliwa alimfokea mkunga kwa kumchelewesha. Lakini ukimpa kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kukamua kifuani, mtu huyohuyo alitulia kama maji mtungini. Katika ukoo wao bibi harusi hatoki nyumbani hivihivi: baba yake humtangulia akipiga kodiani, kutoka kizingitini hadi langoni. Babu alifanya hivyo, baba akafanya hivyo, na sasa zamu ilikuwa ya Tadija, kwani Dunja, mwanawe wa pekee, alikuwa anaolewa.

Kwenye bega lake la kushoto, palepale mkanda wa kodiani unapokaa, palikuwa na uvimbe mdogo wa duara, wenye kidoa cheusi katikati. Haukuuma wala haukuwasha. Aliishi nao miaka mingi bila kugombana nao, na yeye aligombana na kila kitu. Harusi ilipokaribia, Shangazi Desa, dada ya marehemu baba yake, akauona uvimbe huo wakati Tadija akinyoa ndevu uani bila shati.

"Hilo jipu, mwanangu. Kaa hapo."

"Si jipu, Shangazi. Mbona haliumi?"

"Nani kamlea mwenzake hapa? Kaa!"

Vrbica kila uvimbe una dawa moja: kitunguu huokwa kwenye majivu, hupasuliwa, hubandikwa kingali moto, kisha humwagiwa rakija, ile pombe kali ya matunda, na mgonjwa naye hupewa glasi yake. Desa alibandika, halafu akakamua kwa vidole gumba viwili. Ukatoka uji mzito mweupe, unanuka jibini lililooza. Majirani waliokuwa wakichungulia wakashangilia.

"Mzizi huo! Mzizi umetoka!"

Mzizi gani, wajinga wakubwa! Wiki ya harusi bega lilifura, likawa jekundu na la moto, hata shati halivaliki. Tadija akaenda zahanati huku akitukana njia nzima. Daktari Zagorka alilitazama, akavua miwani.

"Nani amekamua?"

"Shangazi."

"Basi mwambie shangazi hili halikuwa jipu. Ni kifuko chini ya ngozi, na utando wa kifuko ndio unaotengeneza ule uji. Ukikamua unamwaga uji tu, kifuko kinabaki na kujaa upya. Chako kimepasukia ndani. Ungekuja kimetulia, ningekupiga sindano ya ganzi, nikakitoa kizima na utando wake, nyuzi mbili tatu, ukaenda zako. Leo naweza kutoa usaha tu. Kikishapoa ndipo tutakitoa chote."

"Na Jumamosi namtoa mwanangu!"

"Mtoe. Ila mkanda usiguse bega hilo."

Kodiani ya babu ilikuwa na uzito wa ndama. Hakuna mtu ambaye angetembea nayo kwa bega moja. Tadija alifika nyumbani akaupiga mlango teke.

"Kitunguu chako hicho! Kimeniharibia siku ya mwanangu!"

"Ulitaka ukakatwe kisu?" Desa naye akawaka. "Radoje wangu walimkata, akafa!"

"Mume wako alifia mikononi mwako! Ulimbandika vitunguu mwaka mzima ndipo ukampeleka!"

Neno likishatoka halirudi. Desa alikaza kitambaa chake kichwani, akatoka. Tadija alijua amevuka mpaka, na kule kujua kukamzidishia hasira.

Jumamosi wakamkodi Bogosav, mpiga kodiani wa kijiji cha pili, ambaye Tadija siku zote alimwita mkamua paka kwa jinsi kodiani yake ilivyolia. Dunja alisimama kizingitini na shela lake.

"Baba, twende basi. Utembee tu."

"Nitembee mikono mitupu kama mgeni? Nenda na paka wako."

Akaenda. Bogosav alikosea palepale ambapo hukosea kila mara, na Tadija akasimama mlangoni, vidole vyake vikipiga wimbo sahihi pajani, akiutazama mgongo wa mwanawe hadi lango likafungwa. Alijichukia. Alimchukia Bogosav, kitunguu, na kijiji kizima.

Alipogeuka, Desa alikuwa nyuma yake. Alifungua kitambaa kichwani, na hakuna aliyewahi kumwona bila kitambaa hicho. Nyuma ya sikio kulikuwa na uvimbe mkubwa kama plamu.

"Huo tangu lini?" Tadija akafoka.

"Tangu nilipomzika Radoje."

"Umeuwekea kitunguu?"

"Hata siku moja." Sauti ya mama huyo mkali ilikuwa imekwisha. "Naogopa, mwanangu."

Tadija alifungua kinywa amtukane, na kwa mara ya kwanza maishani tusi halikuja.

"Jumatatu asubuhi nikukute umevaa, twende kwa Daktari Zagorka," akasema. "Ukibisha nitakubeba kwa bega hilihili bovu."